Alama za Juu ya Herufi katika Kifaransa: Mwongozo wa Kuziandika Bila Kubahatisha

Maswali ni yale yale kila mara. "Hii alama inaelekea kulia au kushoto?" "Nikiandika bila alama, si wataelewa tu?" "Kompyuta ya ofisini haina é, nifanyeje?" Wanaouliza ni wanafunzi wa sekondari wanaosoma Kifaransa Nairobi, waongoza watalii wa Arusha wanaojibu barua pepe za wageni, na makarani wa Goma na Bujumbura wanaoandika Kifaransa kutwa nzima huku alama wakizitupia pale jicho linapoona panafaa.

Nianze na swali la pili, maana ndilo linalozaa uzembe mwingi. Hapana, si kila mara wataelewa. Chukua orodha ya vyakula ya mgahawa. *Poisson salé* ni samaki wa chumvi. Ondoa alama, andika *poisson sale*, na umemtangazia mteja samaki mchafu. *Maïs grillé* ni mahindi ya kuchoma. Ukizitoa zile nukta mbili, *mais* ni "lakini". Alama hizi ni sehemu ya tahajia kama zilivyo herufi zenyewe, na neno lililokosa alama yake limeandikwa vibaya.

La kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi iko kwenye herufi moja tu, e. Ukiimudu e, yanayobaki ni machache na mengi yake utayazoea kwa macho. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye e.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta ambayo utaiandaa katika hatua ya 1.
- Kamusi ya Kifaransa, ya karatasi au ya kwenye simu. Ikiwa na sauti za matamshi, bora zaidi.
- Nusu ukurasa wa Kifaransa ulioandika mwenyewe: barua, insha, tangazo, chochote. Utafanyia kazi maandishi hayo, usitumie mifano yangu peke yake.
- Uwezo wa kutamka maneno unayoyaandika. Kanuni nyingi za e zinategemea sikio. Neno usilolijua kwa sauti, lifungulie kamusi kwanza.

Kuna na jambo la kuliacha mlangoni: mkazo. Msemaji wa Kiswahili akiona alama juu ya irabu hufikiri anaambiwa aikazie silabi hiyo, kwa sababu vitabu vyetu vya sarufi huitumia hivyo vinapotenganisha barabára ya magari na barábara yenye maana ya sawasawa. Kifaransa hakitumii alama kwa kazi hiyo. Mkazo wake huangukia silabi ya mwisho inayosikika, iwe na alama au isiwe nayo. *Téléphone* ina é mbili, na mkazo hauko kwenye hata moja kati ya hizo. Msomaji anayeandika Kikuyu au Kikamba amekwisha kuielewa nusu ya jambo hili, kwani ĩ na ũ anazoziandika ni irabu tofauti na i na u. É na è nazo ni sauti mbili tofauti.

## Hatua ya 1: Andaa kibodi

Usiruke hatua hii. Anayelazimika kutafuta é kwenye intaneti na kuinakili kila anapoihitaji huchoka kabla ya aya ya pili, akaanza kuandika bila alama.

Kwenye simu. Bonyeza e bila kuachia na orodha itajitokeza: é, è, ê, ë. Fanya vivyo hivyo kwa a, i, o, u na c. Kama unaandika Kifaransa mara kwa mara, ingia kwenye mipangilio ya kibodi uongeze lugha ya Kifaransa, ili simu ikupendekezee maneno yakiwa na alama zake. Ila mapendekezo hayo yasikulaze usingizi: simu haijui kama ulikusudia *a* au *à*. Na ukirudi kwenye Kiswahili, badilisha lugha ya kibodi, la sivyo itakusahihishia maneno mazuri kabisa.

Kwenye Windows. Njia ninayoipendekeza ni kuongeza kibodi ya United States-International kwenye mipangilio ya lugha. Herufi hazihami mahali pake, unachoongeza ni mpigo mmoja kabla ya irabu:

- ' kisha e hutoa é
- ` kisha e hutoa è
- ^ kisha e hutoa ê
- " kisha e hutoa ë
- ' kisha c hutoa ç

Ukiwa kwenye kompyuta ya watu usiyoruhusiwa kubadilisha kitu, shikilia Alt na uandike namba kwenye vitufe vya namba vya upande wa kulia: 130 ni é, 138 ni è, 136 ni ê, 133 ni à, 151 ni ù, 135 ni ç, 147 ni ô, 139 ni ï. Kwa herufi kubwa, 0201 ni É, 0200 ni È, 0192 ni À na 0199 ni Ç. Ziandike kwenye kikaratasi ukibandike pembeni ya kioo.

Kwenye Mac. Shikilia e kama unavyofanya kwenye simu. Au bonyeza Option pamoja na e, kisha e, upate é. Option na ` kisha e hutoa è, Option na i kisha e hutoa ê, Option na u kisha e hutoa ë, na Option na c hutoa ç mara moja.

Kibodi ya AZERTY. Utaikuta kwenye ofisi na vibanda vingi vya intaneti katika nchi zinazotumia Kifaransa. É iko kwenye kitufe cha 2, è kwenye 7, ç kwenye 9, à kwenye 0, na namba zenyewe zinahitaji Shift. Kitufe cha ^ kiko kulia kwa p: kibonyeze kwanza, kisha irabu.

Kabla ya kuendelea, andika mstari huu bila kunakili: *Hélène a reçu un gâteau à Noël.* Ukifaulu, kibodi iko tayari.

## Hatua ya 2: Zijue alama tano na kazi zake

Majina ya Kifaransa utayasikia darasani. Mimi nitatumia ya Kiswahili ili twende haraka.

1. Alama ya kupanda (é), *accent aigu*. Ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia, mstari unapanda. Hukaa juu ya e peke yake. Tamka e huku midomo ikitanuka kuelekea i.
2. Alama ya kushuka (è, à, ù), *accent grave*. Mstari unashuka. È husikika wazi, karibu na e ya "pembe". Juu ya a na u haibadilishi sauti, hutenganisha maneno tu.
3. Kofia (â, ê, î, ô, û), *accent circonflexe*.
4. Nukta mbili (ë, ï, ü), *tréma*. Hukwambia irabu mbili zilizokaribiana zisiungane.
5. Mkia (ç), *cédille*. Huifanya c isomeke s.

Na kuna e isiyo na chochote, kama ya *le*, *petit*, *semaine*, ambayo si é wala è. Midomo hujikunja kidogo na sauti hutoka hafifu, na mwishoni mwa neno mara nyingi haisikiki kabisa. Hiyo ya mwisho nitaiita e bubu. Ikumbuke, kwa sababu hatua inayofuata inaitegemea.

## Hatua ya 3: É au è? Tazama kinachofuata

Wengi hukariri neno moja moja. Usijitese hivyo. Chukua e inayosikika, angalia konsonanti iliyo baada yake, kisha uulize: baada ya konsonanti hiyo kuna nini?

Kuna irabu inayosikika: weka é. *Président, décision, télévision, Sénégal.*

Kuna e bubu: weka è. *Mère, père, problème, bibliothèque, deuxième, Genève.*

Hakuna kitu, e ndiyo sauti ya mwisho: weka é. *Café, marché, liberté, santé.* Ukiongeza s ya wingi au e ya kike, é inabaki: *cafés, fatiguée, fatiguées.*

Kuna s ya mwisho isiyosikika wala si ya wingi: weka è. *Très, après, dès, succès, procès, congrès.*

Jina *Hélène* linakuonyesha kanuni mbili kwa mpigo. E ya kwanza inafuatwa na l na irabu inayosikika, kwa hiyo é. Ya pili inafuatwa na n na e bubu, kwa hiyo è. Neno *élève*, mwanafunzi, liko vivyo hivyo.

Sasa angalia familia za maneno, maana hapo ndipo kanuni inapokulipa. *Collège* ina è, *collégien* ina é. *Système, systématique. Mètre, métrique.* Mzizi ni ule ule, kilichobadilika ni kinachofuata. (Ukikutana na konsonanti inayofuatwa na r au l, kama *tr* ya *mètre* au *gl* ya *règle*, zihesabu kama konsonanti moja. Fanya hivyo pia kwa *ch, ph, th, gn*.)

Vitenzi navyo vinafuata njia hiyo hiyo. *Préférer: nous préférons*, lakini *je préfère, ils préfèrent*, kwa sababu miisho ya *-e* na *-ent* ni bubu. *Espérer: nous espérons, j'espère.* *Acheter* huanza bila alama, *nous achetons*, ila e bubu ikija nyuma yake unaandika *j'achète*. Kivumishi kikiingia katika umbo la kike mambo ni hayo hayo: *cher, chère, premier, première, complet, complète, inquiet, inquiète.* Anayeandika *premiére* alishindwa kuiona e bubu iliyo mwishoni.

Kanuni ina mianya. *Médecin* na *médecine* zina é ingawa e inayofuata haisikiki. É inayoanzisha neno haibadiliki, kama *élever*. Viambishi awali *dé-* na *pré-* pia hubaki na é, ndiyo maana tunaandika *développement*. Na *événement* utaliona pia likiandikwa *évènement*. Yote mawili yanakubalika.

Fanya sasa: rudi kwenye nusu ukurasa wako. Pigia mstari kila é na kila è, uipitishe kwenye maswali hayo. Usisogee mpaka umemaliza.

## Hatua ya 4: Jua mahali ambapo e haitaki alama

Mwanafunzi akishapenda é, huimwaga kila mahali. Makosa ninayosahihisha zaidi ni haya ya kuzidisha, zaidi hata ya yale ya kusahau.

Usiweke alama juu ya e ikiwa:

- Inafuatwa na konsonanti mbili zinazofanana. Andika *elle, terre, cette, adresse, effort, intéressant*. Kwa hiyo *adrésse* ni kosa, na *intéréssant* ni kosa kwenye é ya pili. Ndiyo maana *appeler* hutoa *j'appelle*: l iliyoongezeka imefanya kazi ya alama.
- Inafuatwa na x. *Examen, exemple, exercice, lexique.* Hakuna *éxamen*.
- Silabi yake inafungwa na konsonanti. *Mer-ci, res-pect, cer-tain, a-vec, chef, hi-ver.*
- Neno linaishia kwa r, z au d isiyosikika. *Manger, chez, nez, pied.* Sauti ni ya é, lakini konsonanti ya mwisho imekwisha kuitangaza.
- Neno linaishia kwa -et, kama *billet, poulet, effet*. Machache yenye kofia yakariri tu: *forêt, arrêt, intérêt, prêt.*

Maneno yaliyounganishwa hubaki na é ya sehemu ya kwanza hata konsonanti mbili zikifuata, kama *téléspectateur* na *préscolaire*. Hayo ni machache.

Angalizo kuhusu *re-* na *ré-*: hapa hakuna kanuni ya kuegemea. *Retour, revenir, regarder* hazina alama. *Répondre, réunir, réussir* zinayo. Sikio na kamusi.

## Hatua ya 5: Maneno pacha

Haya husomeka karibu sawa au sawa kabisa, na alama ndiyo inayoyatenganisha. Kila moja lina jaribio lake.

*a* na *à*. Weka *avait* mahali pake. Sentensi ikisimama, ni *a* bila alama. *Il a un rendez-vous à Bukavu*: "il avait un rendez-vous" inasimama, "avait Bukavu" haisimami. Kosa hili ndilo linaloongoza, na ndilo rahisi kuliko yote kulitibu.

*ou* na *où*. Ukiweza kusema *ou bien*, yaani "au", usiweke alama. *Où* ni "wapi" au "ambapo", na ndilo neno pekee la Kifaransa lenye ù, kwa hiyo huna sababu ya kuiandika ù mahali pengine.

*la* na *là*. *Là* ni "pale". Usisahau ndugu zake *voilà* na *déjà*.

*du* na *dû*, *sur* na *sûr*, *mur* na *mûr*. *Dû* linatokana na *devoir*, na kofia hiyo hutoka neno likiwa la kike au la wingi: *due, dus, dues*. *Sûr* ni "-enye hakika", *sur* ni "juu ya". *Mûr* ni "-bivu", *mur* ni "ukuta".

*mange* na *mangé*. *Je mange*, ninakula. *J'ai mangé*, nimekula. Kichwa cha habari *Policier tue* kina maana kwamba polisi ameua. *Policier tué*, ameuawa. Mwandishi wa habari hana ruhusa ya kukosea hapo.

*pêcheur* na *pécheur*. Mwenye kofia anavua samaki Ziwa Tanganyika. Mwenye alama ya kupanda ametenda dhambi. Katika Salamu Maria ya Kifaransa husaliwa *priez pour nous, pauvres pécheurs*, utuombee sisi wakosefu. Ukiichapa kwenye karatasi ya ibada kwa ê, parokia nzima itawaombea wavuvi.

*jeune* na *jeûne*. *Le jeûne du Ramadan* ni saumu ya Ramadhani. Bila kofia, *jeune* ni kijana.

## Hatua ya 6: Kofia

Kofia nyingi zimekaa mahali ambapo zamani palikuwa na s iliyoacha kutamkwa. Hiyo ndiyo nadharia pekee ninayokupa, kwa sababu ina faida: s hiyo mara nyingi bado iko hai kwa ndugu wa neno. *Hôpital* na *hospitalier. Forêt* na *forestier. Fête* na *festival. Vêtement* na *vestiaire. Ancêtre* na *ancestral.* Hata "hospitali" ya Kiswahili imeibeba s hiyo. Ukiwa na shaka kuhusu kofia, tafuta ndugu mwenye s.

Njia hii haifiki kila mahali. *Diplôme* ina kofia na *diplomatie* haina. *Grâce* inayo, *gracieux* haina. *Gâteau* na *château* wanavaa, *bateau* na *chapeau* hawavai. Yanayotumika kila siku yakariri kwa mkono, ukiyaandika: *être, vous êtes, même, peut-être, bientôt, plutôt, tête, côté, âge, août, dîner, connaître, goûter.*

Ukikuta kitabu kimeandika *connaitre*, *ile* au *aout* bila kofia, usikimbilie kukisahihisha. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu kofia ya i na u iachwe, isipokuwa inapotenganisha maneno, kama *dû, sûr, mûr* na *jeûne*, na katika baadhi ya miisho ya vitenzi. Tahajia zote mbili ni halali. Ushauri wangu: chagua moja na uifuate mpaka mwisho wa maandishi. Kwa mtihani, fuata ya mwalimu wako.

## Hatua ya 7: Mkia na nukta mbili

Mkia ni rahisi. Ç huandikwa mbele ya a, o na u tu: *ça, français, leçon, garçon, reçu.* Mbele ya e na i, c husomeka s yenyewe bila msaada, kwa hiyo *merçi* ni kosa, na nimeliona kwenye mabango mengi mno. Kuwa mwangalifu na vitenzi: *je commence*, lakini *nous commençons, je commençais*.

Nukta mbili ni chache zaidi: *Noël, Israël, naïf, égoïste, Haïti, maïs*, na *Zaïre*, jina lililobebwa na Kongo kuanzia 1971 hadi 1997. Bila nukta, *ai* ingesomeka kama irabu moja.

## Hatua ya 8: Herufi kubwa

Ziwekee alama. Wapo watakaokwambia Kifaransa hakiweki alama juu ya herufi kubwa. Mazoea hayo yalitokana na mashine za kuchapa ambazo hazikuwa na É. Akademia ya Kifaransa, chombo kinachosimamia lugha hiyo, inasema wazi kwamba alama ina thamani kamili ya tahajia, kwenye herufi kubwa pia. Andika *État, École, À bientôt, Ça va*. Bango la herufi kubwa tupu ndilo linalohitaji alama zaidi: SALE au SALÉ?

Majina ya watu ni ya kuheshimiwa zaidi ya yote. Rais aliyeingia madarakani Burundi 2020 ni Évariste Ndayishimiye, na wa Kongo aliyeapishwa Januari 2019 ni Félix Tshisekedi. *Désiré* ni jina la mwanamume na *Désirée* ni la mwanamke, ilhali *désire* ni kitenzi. Ukiandika cheti au mwaliko, muulize mwenye jina analiandikaje, ulifuate vile vile.

## Hatua ya 9: Hakiki kwa kutafuta

Kusoma maandishi yako upya hakutoshi, jicho linaruka. Tumia kitafutaji cha programu yako, Ctrl+F, upite mara kadhaa:

1. Tafuta a iliyo peke yake, yenye nafasi pande zote mbili. Kila moja ipe jaribio la *avait*. Kisha fanya hivyo kwa à.
2. Tafuta "çe" na "çi". Zote ni makosa.
3. Tafuta "éx". Karibu zote ni makosa.
4. Tafuta "éll", "étt", "éss", "éff". Hizo nazo.
5. Tafuta "ére" na "éme" mwishoni mwa maneno. Nyingi zitakuwa *-ère* na *-ème* zilizokosewa.

Mwisho, soma kwa sauti maneno yenye e peke yake, ukianzia mwisho wa ukurasa kurudi juu, ili maana ya sentensi isikuvute.

## Matatizo na tiba zake

Naandika ng'ombe, inatoka ngómbe. Hiyo ni kibodi ya United States-International ikisubiri irabu baada ya ritifaa. Bonyeza ', kisha nafasi, kisha o. *J'ai* ikigeuka *jái* au *d'accord* ikigeuka *dáccord*, tiba ni hiyo hiyo. Kama siku nzima unaandika Kiswahili, rudi kwenye kibodi ya kawaida na ubadilishe pale tu unapohitaji Kifaransa.

Alt na namba haitoi kitu. Washa Num Lock, na utumie vitufe vya namba vya kulia, si vile vya mstari wa juu. Kompyuta ya mkononi isiyo na vitufe hivyo haitakusaidia. Ukiwa kwenye Word, kuna njia nyingine: Ctrl na ', uachie, kisha e, upate é. Kwa ç, Ctrl na mkato, kisha c.

Faili limejaa Ã© na Ã§. Alama zako hazijapotea. Faili limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi, na programu inalisoma kwa mfumo wa zamani. Lifunge bila kuhifadhi, ulifungue upya ukichagua UTF-8. Kwa Excel, usibofye faili la CSV moja kwa moja, liingize kupitia menyu ya data na uchague 65001 UTF-8. Usianze kusahihisha moja moja kwa mkono, utaongeza vurugu.

Mahali pa é pana alama ya kuuliza. Hapo herufi yenyewe imepotea wakati wa kuhifadhi. Rudi kwenye nakala ya awali. Kama huna, itabidi uandike upya.

Jina liko kwenye orodha lakini kitafutaji hakilioni. É inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama e pamoja na alama inayoelea juu yake. Kwa macho zinafanana, kwa kompyuta ni vitu viwili. Hutokea sana kwa maneno yaliyonakiliwa kutoka PDF. Futa jina uliandike upya kwa kibodi yako.

Nimeandika j´ai na inaonekana ya ajabu. Umetumia alama ya kupanda badala ya ritifaa. Inayotakiwa ni '.

SMS moja inakatwa kama mbili. Mfumo wa kawaida wa SMS hubeba herufi 160 na unazitambua é, è, à na ù. Hauitambui ê, ô wala ç ndogo. Ukiweka hata moja kati ya hizo, simu nyingi huhamisha ujumbe wote kwenye mfumo wa herufi 70. Kama unatuma kwa watu wengi na unalipia kila ujumbe, gawa maneno yako mapema ukijua hilo.

Barua pepe inakataa jina langu. Kwenye anwani za barua pepe, nywila na majina ya mafaili unayopakia kwenye tovuti, acha alama. Hapo unampa mtambo kitambulisho, na mitambo mingi bado inazikataa.

Tiketi ya ndege imeandikwa DESIRE na pasipoti inasema Désiré. Usilipie mabadiliko kwa sababu hiyo pekee. Mistari miwili inayosomwa na mashine chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti hutumia A hadi Z, tarakimu na alama ya <, bila alama nyingine yoyote. Linganisha tiketi na mistari hiyo. Herufi zikilingana, jina lako liko sawa. Ikiwa herufi yenyewe imekosewa au imeachwa, wasiliana na aliyekukatia tiketi kabla ya siku ya safari.